Kijiko cha Unga wa Mifupa

Sehemu ya Sita

Kuna msomaji mmoja wa Changamwe aliyeandika kwa mhariri kwamba mimi ni muuaji na sistahili hata kupewa wino. Sikumjibu. Wengine wakanitetea, wakasema mbwa ni mbwa tu, mbona kelele nyingi. Na hao pia sikuwajibu. Mimi nimekuja kusema nilichofanya, sikuja kutafuta wakili.

Aliyelikosa gazeti juma lililopita, mambo yalikuwa hivi.

Mimi ni Kalama wa Tsofa, mlezi wa mbwa katika yadi moja ya makontena kule Shimanzi. Tajiri yangu, Bwana Joab, alileta watoto wawili wa mbwa, ndugu wa tumbo moja, wa ile mbegu ya majitu ambayo mbwa akitimiza mwaka anamfika mtu mzima kiunoni. Dume, Jabali, alikaa nami yadini. Jike, Malkia, alipelekwa nyumbani kwa tajiri, Kizingo, akawa wa binti yake Stacy, mtoto wa miaka kumi.

Daktari wa mifugo, Daktari Loise, alituletea mfuko wa chakula cha watoto wa mbwa wa mbegu kubwa, na kikombe cha kupimia. Akaniambia mambo mawili tu: nipime, na nisiongeze kitu.

Mimi nikaongeza. Baba yangu kule Kaloleni alinonesha mbuzi wa kuwauzia watu wa mjini wakati wa Idi, miaka thelathini nzima, nami nikajiona nimezaliwa nikijua kulisha. Nikachukua mifupa kwenye hoteli ya supu Makadara, nikaichoma mpaka ikawa myeupe, nikaitwanga, nikaichekecha, nikautia unga wake kwenye mkebe wa maziwa. Vijiko viwili kila mlo. Jabali akafumuka hata madereva wakawa wanashuka kwenye matrela kuja kumpiga picha. Wakaniita Daktari Kalama. Kichwa kikanivimba.

Alipofika miezi minne, miguu ya mbele ikaanza kupinda. Alipofika mitano hakuweza kuinuka bila kulia. Daktari Loise akaniuliza mbele ya tajiri, "Kalama, kuna kitu chochote ulichomwongezea?"

Nikasema, "Hapana, Daktari. Chakula chako tu."

Ijumaa ile, saa saba mchana, mimi nikamshika Jabali, Daktari akamdunga sindano ya kumpumzisha. Sasa twende.

* * *

Siku tatu hazikwisha, nikaanza kulisikia bakuli.

Jabali alikuwa na tabia moja. Saa ya kula ikikaribia, alitia mguu ndani ya bakuli lake la chuma akaliburura kwenye sakafu ya saruji. Kwaruu. Kwaruu. Hakubweka, hakulia. Alikuwa akinikumbusha tu.

Jumatatu, saa saba mchana, nimeketi kivulini nyuma ya kontena bovu, nikasikia kwaruu.

Nikamwita Ngowa, bawabu wetu. "Ngowa, wasikia?"

"Nasikia nini?"

"Bakuli."

Ngowa akanitazama, kisha akatazama ukutani. "Bakuli si hilo hapo umelitundika msumarini?"

"Nimelitundika, ndiyo."

"Basi ni minyororo ya winchi, yakhe. Kunywa maji, jua kali."

Jumanne likabururwa tena. Jumatano nikaliondoa ukutani, nikawapa wanunuzi wa vyuma chakavu waliopita langoni, nikalisindikiza kwa macho mpaka mkokoteni ulipopinda kona. Nikarudi nikakaa. Saa saba ilipogonga, kwaruu.

Pwani tumeonywa tangu utotoni tusirandarande ovyo jua likiwa utosini, kwamba ndiyo saa ya majini. Mimi nilikuwa nikiwacheka wanaoogopa mchana kweupe. Sasa ikifika saa sita na nusu natoka yadini, nakwenda kusimama kando ya barabara katikati ya malori, nimeziba masikio kama mwendawazimu. Wapita njia wananitazama. Na bado nalisikia.

* * *

Nyumbani kwangu ni Mji wa Kale, chumba cha juu. Mke wangu Mwanarusi aliponikubali nami nikasilimu, aliniwekea sharti moja kuhusu kazi yangu ya mbwa: nisiingie ndani kabla ya kuosha mikono mara saba, na moja ya hizo saba iwe kwa udongo, kama dini inavyotaka. Kopo la udongo limekaa chini ya ngazi miaka minane. Sijawahi kulalamika.

Siku moja nimeinama pale chini naosha, nikasikia sauti yake kutoka juu.

"Baba Nabiha, hizo ni mara ngapi?"

"Saba."

"Saba za wapi? Nimehesabu kumi na tisa! Maji ya ndoo nzima umeyamaliza. Na mbwa mwenyewe kafa, hiyo najisi waitoa wapi kila siku?"

Nikaendelea kusugua. Akashuka ngazi, akasimama mbele yangu na mikono kiunoni.

"Wanificha nini weye?"

"Sikufichi kitu."

"Basi mbona mikono yako yanuka mifupa ya kuungua?"

Nikaileta puani. Wallahi nilikuwa sijagusa mfupa wiki tatu. Lakini harufu ilikuwapo, ile ile ya siku nilizokuwa nikichoma mifupa kwenye jiko. Nikaketi pale pale kwenye ngazi, nikamweleza mke wangu yote. Mkebe, vijiko, uongo, sindano. Bakuli.

Nilidhani atanipigia kelele. Alichukua lile kopo la udongo, akalisogeza mbali nami.

"Acha kujisumbua na huu. Nenda kamwambie tajiri yako."

"Atanifukuza."

"Atakufukuza, ndiyo. Wafikiri mimi sijui? Na mwenye nyumba ataka kodi yake. Nenda hivyo hivyo. Siwezi kulala na mtu aoshaye mikono mara kumi na tisa."

Nikamwahidi kesho.

* * *

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nimevaa shati safi, maneno nimeyapanga kichwani, simu ikalia. Tajiri.

"Kalama, njoo Kizingo. Sasa hivi."

"Kuna nini, mzee?"

"Njoo." Akakata.

Nikajua nimekwisha. Labda Ngowa kasema. Labda mtu wa hoteli ya supu kasema. Nikapanda tuktuk, na njia nzima nikawa nayarudia maneno yangu: mzee, nilikosa, mzee, nisamehe. Dereva akaniuliza kama nazungumza naye.

Nilimkuta Bwana Joab barazani, bado amevaa kanzu ya kulalia, macho mekundu. Mtu yule mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kusimamisha lori, alikuwa amejikunyata kitini.

"Mzee, nilikuwa nina jambo la kukwambia," nikaanza.

"Litangoja. Kaa." Nikakaa. "Malkia anachechemea tangu juzi. Mguu wa mbele. Kama nduguye."

Nikapigwa na butwaa. Malkia?

"Unakumbuka Daktari alivyosema," akaendelea. "Alisema ikiwa chakula ni sawa, basi kosa liko kwenye damu. Na hawa damu yao ni moja. Kalama, tangu mamake Stacy afariki, mtoto huyu hapati usingizi bila mbwa huyo miguuni pake. Sitaki amwone akilia kama Jabali. Nimemwita Daktari aje na sindano leo, kabla mambo hayajaharibika. Nawe utamshika. Mkono wako anaujua."

Sasa hapa nitakiri mbele yenu jambo la aibu kuliko yote niliyowahi kuandika katika ukurasa huu.

Nilifurahi.

Ndiyo, nilifurahi! Malkia hakuwahi kuonja unga wangu. Alilishwa Kizingo, kikombe kwa kikombe, chakula cha mfuko. Kama yeye naye miguu imempinda, basi ni damu kweli! Basi si mimi! Mifupa yangu, vijiko vyangu, yote hayakuwa na neno. Ningeweza kurudi nyumbani nikamwambia Mwanarusi tazama, nilijitesa bure. Mbwa wa watu anangojea kuuawa, mtoto yatima wa mama anangojea kuachwa mpweke, na mimi moyoni nashangilia. Nikaona hata haja ya kukiri imeondoka.

"Lile jambo lako?" tajiri akaniuliza.

"Si kitu, mzee. Limepita."

"Basi nenda nyuma, jikoni, kakae na Stacy. Hajui. Usimwambie."

* * *

Nikapita ukumbini nikielekea jikoni. Katikati ya ukumbi nikasimama.

Kwaruu. Kwaruu.

Nikatazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika mbili.

Nikasema moyoni, Jabali, mpaka huku umenifuata? Nikashika ukuta. Nilitaka kurudi nje, lakini nje yuko tajiri. Nikasukuma mlango wa jikoni huku macho nimeyafumba nusu.

Hakuwa Jabali. Alikuwa Malkia, ametia mguu ndani ya bakuli lake, analiburura kwenye vigae. Tabia moja na nduguye. Aliponiona akatikisa mkia, akanijia. Akichechemea. Kiganja cha mguu wa kushoto kimeanza kutazama nje, kama mtoto aliyevaa kiatu cha mguu mwingine.

Stacy alikuwa amechuchumaa karibu na mfuko wa chakula, ananipa mgongo, anakoroga kitu.

"Anko Kalama! Umekuja kumwona Malkia?"

"Nimekuja, mama. Unamtengenezea nini?"

Akageuka. Mkononi ana kijiko. Miguuni pake kuna mkebe wa maziwa ya unga, na ubavuni mwa mkebe ule kuna herufi K iliyochorwa kwa msumari. Niliichora mimi.

Nikachuchumaa mbele yake.

"Stacy. Huo mkebe umeutoa wapi?"

Akaweka kidole mdomoni, akashusha sauti. "Usimwambie Baba. Niliuchukua stoo ya yadi, siku ile ya Jabali, wakati nyinyi mko nyuma na Daktari."

"Kwa nini?"

"Si ni ile dawa yako? Nilipokuja kumtazama Jabali uliniambia inatia mifupa nguvu. Ukasema ni siri yangu na yako. Jabali mifupa ilimuuma, kwa hivyo nikaona Malkia aanze mapema, asije akaumwa kama yeye."

"Unampa kiasi gani?"

"Vijiko viwili kila mlo, kama wewe. Lakini juzi ameanza kuchechemea." Akainua kijiko kilichojaa. "Sasa nampa vitatu."

Nikaketi sakafuni. Furaha yangu ya barazani ikafia pale pale.

Basi ni mimi. Ni mimi kwa Jabali, na ni mimi kwa Malkia. Safari hii sikuhitaji hata mkono wangu mwenyewe, nimetumia mkono wa mtoto.

"Anko, unaumwa?"

"Stacy, usimpe tena. Hii si dawa."

"Si dawa? Ni nini?"

Ningemwambia nini, niambieni nyinyi mnaojua kuandika barua kwa mhariri! Nikisema ni kitu kilichomuua Jabali, mtoto huyu atakitazama kijiko kile mkononi mwake na atajua amemfanya nini mbwa wake. Atalibeba jambo hilo mpaka uzeeni. Nikinyamaza, mbwa atakufa kwa sindano baada ya nusu saa na hakuna atakayejua kwa nini.

"Nipe mkebe," nikasema.

Akanipa. Ndipo nikasikia mlango wa gari, na sauti ya Daktari Loise akibisha hodi.

Na mimi, badala ya kuuweka mkebe ule mezani kama mwanamume, nikautia nyuma ya mgongo wangu na kujibanza kwenye jokofu.

* * *

Daktari Loise ni mwanamke mfupi, hana maneno mengi, na mikono yake haina haraka. Aliingia na mkoba, tajiri nyuma yake. Hakufungua mkoba. Alipiga magoti, akamsimamisha Malkia, akampapasa bega, kiwiko, kifundo. Malkia akalia kidogo.

"Kifundo kimevimba," akasema. "Mguu umeanza kwenda upande. Lakini kidogo. Huyu si kama nduguye, Bwana Joab. Siwezi kumchoma sindano mbwa aliye hivi. Nataka kwanza nijue kuna nini."

"Si ulisema ni damu?"

"Nilisema huenda, ikiwa chakula ni safi. Mimi mpaka leo haijaniingia akilini." Akakishika kidevu cha Malkia kumtazama mdomo, akasita. Akapitisha kidole juu ya pua ya mbwa. Kidole kikatoka cheupe. Akakisugua na dole gumba, akanusa. "Hiki nini?"

Akanusa tena.

"Huu ni unga wa mifupa. Nani anampa?"

Mkebe ulikuwa ukinichoma mgongoni. Nikafungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Stacy.

Daktari akamgeukia, wala hakumkaripia. "Tangu lini, mwanangu?"

"Wiki tatu. Nilitaka mifupa yake iwe na nguvu."

Daktari akavuta pumzi, akaketi juu ya visigino vyake. "Sikiza. Mtoto wa mbwa mkubwa kama huyu mifupa yake inataka kukua polepole. Chakula cha kwenye mfuko kimeshapimwa kalsiamu yake, ndiyo maana nikasema msiongeze. Mbwa mzima ukimzidishia, mwili hukataa. Mtoto hawezi kukataa. Tumbo linapokea yote, na mifupa inaharibika ikiwa bado laini. Umeelewa?"

Stacy akaitikia, machozi yanamtiririka. "Atakufa?"

"Wiki tatu si nyingi. Tukiacha leo, ale kwa kikombe, asinenepe, mbavu zake uzihisi ukimpapasa, kuna nafasi nzuri miguu itanyooka." Akamtazama Bwana Joab. "Si damu. Umesikia? Mbegu haina kosa. Huyu mbwa haendi popote."

Tajiri akajiangusha kwenye kiti cha jikoni, akafunika uso kwa viganja, na mabega yake makubwa yakatikisika. Stacy akamkumbatia Malkia shingoni. Kwa muda wa pumzi mbili tatu nikaona Mungu kanihurumia: mbwa kapona, mtoto kafunzwa kwa upole, na jina langu halikutajwa.

Kisha Bwana Joab akaondoa mikono usoni, polepole.

"Ngoja kwanza. Stacy, unga huu ulitoka wapi?"

"Yadini, Baba. Stoo."

"Nani alikupa?"

Mtoto akaficha uso shingoni mwa Malkia.

"Nakuuliza, nani alikupa?"

"Sikupewa na mtu. Nilichukua mwenyewe."

Na ilikuwa kweli, kwa vile alivyoulizwa. Tajiri akainuka. Nilimwona akipiga hesabu ya Jumamosi zote alizompeleka binti yake Shimanzi, mtoto akishinda na Jabali nyuma ya lile kontena hadi jioni. Rangi ikamtoka usoni.

"Stacy," akasema, na sauti ilikuwa ndogo mno kwa mtu kama yeye. "Na Jabali? Jabali naye ulikuwa unampa wewe?"

Stacy akainua macho, akanitazama mimi. Alinitazama kama mtu anayeuliza kama ile siri yetu bado ni siri. Nami sikutikisa hata ukope.

Akamgeukia babake, akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimesimama pale pale, wasomaji wangu, hatua mbili kutoka kwake, na ulimi ninao.